Kutafuta hekima ukiwa Dar es Salaam: shika swali moja, ulipeleke kote

Mawaidha hayajawahi kuadimika Dar. Kabla hujafika kituoni asubuhi umeshasikia adhana, umeshapita dirisha la jirani anayekemea mapepo, na simu imeshaleta maneno ya busara kutoka kwa shangazi, kwa mwenyekiti wa kikoba na kwa mtu mliyesoma naye darasa la saba. Ukipanda daladala, redio inahubiri. Ukishuka, nguzo ya umeme ina karatasi ya anayesafisha nyota. Na bado mtu anaweza kufika miaka hamsini na hasira ile ile aliyokuwa nayo akiwa na ishirini, akigombana na watu wale wale kwa jambo lile lile.

Naamini sababu ni kwamba tunapokea majibu ya maswali ambayo hatujauliza. Neno zuri likimkuta mtu hana jambo mkononi, linampendeza kwa dakika mbili kisha analituma kwa mwingine. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na swali moja na utakaa nalo mpaka mwisho. Utaona linavyopelekwa kwenye Qurani na Biblia, kwenye methali, kwa mzee, kwa wanafalsafa wa mbali, halafu linavyorudishwa nyumbani kwako usiku. Ukishaona njia, utaweka swali lako mahali pa hili.

1. Andika swali kwa sentensi moja

Nunua daftari la kawaida la shule. Simu haifai kwa kazi hii, maana ukiifungua kuandika utajikuta umeingia kwingine. Ukurasa wa kwanza usiandike "nataka kukua kiroho" wala "nataka amani ya moyo". Hayo hayana pa kushika. Andika jambo lenye mtu ndani yake, lenye mahali, lenye tukio. Kwa nini namwogopa bosi wangu kiasi cha kusema uongo? Kwa nini nikipata pesa naimaliza kabla ya Jumapili? Mama anazeeka kijijini nami niko huku, nifanyeje?

Nitachukua swali ambalo mji huu unalijua vizuri. Baba amefariki, ameacha nyumba Magomeni. Kaka mkubwa ndiye msimamizi wa mirathi. Nyumba imeuzwa, wadogo wamepewa sehemu isiyolingana na bei, na mdogo mmoja hawezi tena kukaa na kaka yake kwenye mkeka mmoja. Nyumba nyingi walizojenga wazee wetu Kariakoo, Ilala na Magomeni leo ardhi yake inatakiwa na wenye maghorofa, na mzee akishazikwa ndugu wanaanza kujuana upya. Mdogo mtu anaandika: "Nifanye nini na kaka aliyenidhulumu, na hii hasira niipeleke wapi?"

Soma sentensi yako mara ya pili na utazame kama haina maswali mawili ndani yake. Hii inayo. La kwanza ni la haki, na haki ina ofisi zake. Mirathi nyingi za namna hii husikilizwa Mahakama ya Mwanzo, na msimamizi anatakiwa kutoa hesabu ya mali aliyokabidhiwa. Usikubali mtu akuambie kwamba kudai haki yako ni upungufu wa imani. La pili ni la hasira, na hilo hakuna hakimu atakayekukatia hukumu. Hilo ndilo tunalolifanyia kazi hapa.

Kuna swali la tatu ambalo wakati mwingine hujificha nyuma ya hayo mawili. Ikiwa kwa majuma sasa huli, hulali, na unawaza kufa, nenda hospitali kwanza. Muhimbili wana idara ya afya ya akili, na kituo cha afya kilicho karibu nawe wanaweza kukuelekeza. Vitabu vya hekima vitakusubiri.

2. Anzia nyumba uliyozaliwa

Watu wengi wanaotafuta hekima hurukia mbali. Kijana wa Tandika hajawahi kusoma sura moja ya Qurani kwa maana yake, anaanza na mabwana wa India. Sina ugomvi na mabwana wa India, tutawafikia. Lakini dini na lugha uliyolelewa nayo vina faida moja kubwa: maneno yake yalishaingia mwilini mwako kabla hujajua kubishana. Ukiyarudia ukiwa mtu mzima, yanafungua mahali ambapo kitabu kigeni hakifiki upesi.

Kwa swali la ndugu, Mwislamu na Mkristo wa Dar wana kisa kimoja mkononi. Yusuf. Kwenye Qurani ni sura ya 12, yenye aya 111, na yenyewe inakiita kisa kizuri kuliko vyote. Kwenye Biblia kiko Mwanzo, kuanzia sura ya 37 hadi ya 50. Tafsiri za Kiswahili zipo na ni nzuri: Qurani Takatifu ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy ilikamilika mwaka 1969, Biblia ya Union ni ya 1952, na Habari Njema ya 1996 ina Kiswahili chepesi zaidi. Zote utazipata kwenye maduka ya vitabu vya dini mjini, na mara kwa mara kwa wauza vitabu vya mitumba wanaotandika kando ya barabara maeneo ya Posta.

Soma hivi. Kipande kifupi, kwa sauti, kwa Kiswahili, hata kama umezoea kusikia Kiarabu au Kiingereza. Kaa na kipande hicho juma zima. Usitafute mafunzo. Tazama nani anafanya nini, na usimame pale panapokushangaza.

Mimi panaponishangaza ni hapa. Yusuf ametupwa kisimani na kaka zake, ameuzwa, amefungwa, hatimaye ndiye mwenye funguo za maghala ya Misri. Njaa inaingia. Kaka zake wanakuja kununua chakula, wanasimama mbele yake, yeye anawatambua na wao hawamtambui. Tulivyozoea kuhubiriwa, tungetarajia awakumbatie papo hapo. Hakufanya hivyo. Aliwaagiza wamlete mdogo wao, akarudisha mali zao kwenye mizigo, akaficha kikombe katika mzigo wa mdogo, akawaweka kwenye jaribio refu. Katika Mwanzo 42 anageuka kando na kulia, kisha anarudi na uso mkavu. Na Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumuuza, katika sura ya 44 anajitoa abaki mtumwa ili Benyamini, yule mdogo wao, arudi kwa baba. Hapo ndipo Yusuf anaposhindwa kujizuia na kujitambulisha. Katika Qurani neno lake ni kwamba leo hakuna lawama juu yao.

Mdogo mtu wa Magomeni akisoma hivyo polepole anakuta mambo ambayo mahubiri ya nusu saa hayakumpa. Kusamehe kulichukua muda. Kulihitaji kujua kama ndugu amebadilika. Machozi yalikuja kabla ya maneno. Halafu kuna Mwanzo 50, ambayo watu huiruka: Yakobo anapokufa, kaka zake Yusuf wanaingiwa na hofu upya, wanasema labda sasa atatulipiza. Miaka imepita, wamekula kwake, na bado msiba wa baba unafufua yote. Yeyote aliyekaa kwenye kikao cha ukoo baada ya arobaini anajua hofu hiyo.

Ukiwa na swali jingine utahitaji kisa kingine. Muulize imamu, padri, mchungaji au mwalimu wako wa madrasa: "Jambo langu ni hili, nisome wapi?" Ni swali dogo ambalo viongozi wa dini huulizwa mara chache, na wengi wao hulifurahia kuliko ombi la dua ya haraka. Na ukienda kwenye darsa baada ya Magharibi, au jumuiya ndogondogo mtaani kwenu, nenda na daftari lako. Waliokaa wanasikiliza tu. Wewe una jambo unalolitafuta, na utashangaa neno lililopita juu ya vichwa vya wote litakavyosimama mbele yako.

3. Peleka swali kwenye Kiswahili chenyewe

Methali hazikubaliani, na huo ndio utajiri wake. Andika kwenye daftari zile zinazogusa jambo lako, mbili mbili zinazopingana. Kwa ndugu: "Damu nzito kuliko maji", na kando yake "Undugu ni kufaana, si kufanana." Ya kwanza inakwambia usikate. Ya pili inakwambia undugu usiofaana ni sura tu. Ongeza ya tatu: "Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune", ambayo inakuonya wewe na wote walioshabikia ugomvi wenu. Sasa jiulize ipi ni ya mwaka huu, katika hali hii, kwa kaka huyu. Wazee wetu hawakuacha kanuni moja. Waliacha mzozo, ili kila mtu ashike lililo lake kwa wakati wake, na kazi hiyo ya kuchagua huwezi kumwachia mtu mwingine.

Kisha soma Shaaban Robert. Huyu mtu wa Tanga, aliyezaliwa 1909 na kufariki 1962, alikuwa mwanafalsafa kabla ya kuwa kitu kingine chochote, na shule zetu zimemfanya kuwa swali la mtihani. Adili na Nduguze kinafaa mno hapa. Adili anatoswa baharini na ndugu zake wawili, Hasidi na Mwivu. Anaokolewa na jini Huria, ndugu wanageuzwa manyani, na Adili anaamriwa kuwachapa viboko kila usiku. Mpaka mfalme Rai alipoingilia kati, adhabu iliendelea. Wengi husoma hapo wakaona waovu wamepata stahili yao. Soma tena ukimtazama mwenye kiboko. Kila usiku ni yeye anayelazimika kuamka. Aliyedhulumiwa ndiye mwenye kazi isiyokwisha. Mdogo mtu anayelala saa nane akipanga maneno atakayomwambia kaka yake atajiona kwenye ukurasa ule.

Kama huna pesa ya vitabu, Maktaba Kuu ya Taifa iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu ilipofunguliwa mwaka 1967. Uliza utaratibu wa uanachama hapo mlangoni. Mezani pale kuna kitu ambacho nyumba nyingi za kupanga hazina, nacho ni saa mbili bila mtu kukuita.

4. Muulize mzee alifanya nini, usimuulize ufanye nini

Hatua hii ndogo inabadilisha mazungumzo yote. Mzee ukimuomba ushauri atakupa ule ule uliozoeleka: vumilia, mche Mungu, ndugu ni ndugu. Ukimuuliza yaliyompata, anakupa kitu ambacho hakijaandikwa popote.

Nilikuwa kwa fundi cherehani Temeke, mzee sana, nikisubiri suruali ipunguzwe urefu. Akaja kijana wa jirani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vuta kiti."

Akakaa. Wakaulizana hali, joto, umeme. Kisha kijana akasema, "Mzee, samahani. Wewe umewahi kudhulumiwa na ndugu yako wa damu?"

Mguu ukasimama kwenye kikanyagio. "Nimewahi. Mdogo wangu aliuza cherehani mbili za marehemu baba. Hatukusalimiana muda mrefu. Mama alipofariki tukabeba jeneza, mimi bega hili, yeye bega lile. Njia nzima namsikia anavyopumua. Nikajua huyu naye amechoka kama mimi."

"Ukamsamehe?"

"Nilimsalimia. Kusamehe kulikuja nyuma, taratibu."

"Na cherehani?"

"Hazikurudi." Akaendelea kushona.

Hakuna kitabu ninachokijua kilicholisema jambo hilo kwa uwazi ule: salamu kwanza, msamaha baadaye, na mali inaweza isirudi kabisa. Ukimwendea mzee, nenda siku ambayo hana kazi ya kumkimbiza, usifike mikono mitupu, sukari au sabuni inatosha. Salimia hasa. Usitoe simu kumrekodi bila ruhusa. Akinyamaza, nyamaza naye. Na uende kwa wazee wa kike vilevile. Mabibi wa mji huu wamezika, wamelea na wamepatanisha kuliko wanaume wengi, na hawaulizwi.

5. Sasa nenda mbali

Ukishakuwa na kisa, methali na sauti ya mzee, mlango wa jirani hautakuyumbisha. Kuna mambo matatu ambayo nimeyaona yanafaa kwa swali hili.

Epictetus alizaliwa mtumwa katika mji wa Hierapolis, uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki. Baadaye aliachwa huru akawa mwalimu wa falsafa. Yeye mwenyewe hakuandika; mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeandika masomo yake. Katika kijitabu kidogo kilichotolewa humo anasema kila jambo lina mikono miwili ya kulishikia, mmoja unabebeka, mwingine haubebeki. Na mfano anaoutoa ni huu huu wa kwetu: ndugu yako akikudhulumu, usilishike jambo kwa upande wa kwamba amekudhulumu, maana upande huo haubebeki, lishike kwa upande wa kwamba ni ndugu yako, mmelelewa pamoja. Hasemi hukudhulumiwa. Anakuuliza unaweza kulibeba kwa wapi. Jaribu usiku mmoja: andika upande wa dhuluma mistari mitano, kisha upande wa kulelewa pamoja mistari mitano. Mistari mitano ya pili ndiyo migumu kuandika, na ndiyo inayofanya kazi.

Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu chenye sura 18, inaanza na shujaa Arjuna akiwa uwanja wa vita, anatazama upande wa pili na kuona ndugu, wajomba na walimu wake, kwa sababu ya ugomvi wa ufalme ndani ya ukoo mmoja. Mikono inamtetemeka. Anachofundishwa na Krishna, mungu aliye naye kama mwendesha gari lake la vita, ni kirefu, lakini shina lake ni kutenda wajibu wako bila kung'ang'ania matunda yake. Mtu anayefungua shauri la mirathi anaweza kulala na wazo hilo: nitakwenda mahakamani kwa sababu ni haki, sitakwenda ili nimwone kaka akidhalilika. Waumini wa Kihindu wana mahekalu yao Mtaa wa Kisutu, katikati ya mji. Wabudha nao wana hekalu hapa hapa jijini, lililoanzishwa na wahamiaji kutoka Sri Lanka, na katika Dhammapada, mkusanyo wa beti za mafundisho ya Buddha, mwanzoni kabisa, kuna beti za mtu anayejirudia moyoni "alinitukana, alinishinda, aliniibia", na kwamba chuki ya mtu huyo haitulii.

Ukitaka kutembelea nyumba ya ibada isiyo yako, uliza kwanza siku na saa ya wageni. Vua viatu panapotakiwa, jifunike inavyostahili, usipige picha, usiende kubishana. Kuketi na kutazama watu wanavyomnyenyekea Mungu wao kunatosha kwa siku ya kwanza. Wanaopenda mjadala zaidi watafute mihadhara ya wazi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, ambapo kuna idara ya falsafa na masomo ya dini.

Na soma wote hawa ukiwa macho. Utendi wa Mwana Kupona, ambao mshairi huyo wa kike aliutunga mwaka 1858 kumwachia binti yake wasia, una mapenzi ya mama yanayochoma moyo, na pia una mafundisho ya unyenyekevu kwa mume ambayo wasomaji wengi wa leo, wanawake kwa wanaume, hawakubaliani nayo. Inawezekana kumheshimu mwalimu na kubaki na swali lako.

6. Hesabu ya usiku

Ningelazimishwa kuacha hatua zote nibaki na moja, ningebaki na hii. Kinachonipa imani nayo ni kwamba watu wasiojuana walifika mahali pamoja. Seneca, mwanafalsafa Mrumi, alisimulia katika maandishi yake juu ya hasira kwamba taa ikishaondolewa na mkewe akishanyamaza, kwa kuwa anaijua desturi yake, anapitia siku nzima na hajifichi chochote. Khalifa Umar amenukuliwa akisema tujihesabu kabla hatujahesabiwa. Imam Ghazali (1058–1111), ambaye mwaka 1095 aliacha kiti chake cha ualimu Baghdad akiwa kwenye kilele cha umaarufu, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili ndani ya Ihya, mkusanyo wake mkubwa wa vitabu vya dini: nafsi ni mshirika wako wa biashara, asubuhi unawekeana naye masharti, mchana unamchunga, jioni unakaa naye kuhesabu faida na hasara. Mfanyabiashara wa Kariakoo hahitaji kuelezwa zaidi. Na Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, aliwafundisha watu wake kuanza uchunguzi huo kwa shukrani, kisha kuomba mwanga, kupitia siku, kuomba msamaha na kuazimia kesho.

Fanya dakika kumi, kabla ya kuzima taa, daftari lile lile. Andika mambo matatu tu: kilichonishika, nilichofanya, kesho. Ukurasa wa mdogo mtu unaweza kusomeka hivi:

*Jumanne. Kilichonishika: kaka kaweka picha ya gari. Nimeirudia kuitazama kutwa. Nilichofanya: nimemfokea wakala wa kutoa pesa kwa kuwa mtandao ulikwama. Jioni nimemwambia mke wangu "na wewe ni kama ndugu zako tu". Hana kosa. Kesho: nimwombe radhi kabla ya chai. Sifungui ukurasa wa kaka.*

Tazama kilichotokea hapo. Kaka hajui chochote. Waliolipa ni wakala na mke. Mtu anaweza kusikiliza hotuba mia za msamaha asilione hilo, na akaliona kwa usiku mmoja wa kuandika kweli. Usiandike hukumu za jumla kama "mimi ni mtu mbaya", hazisaidii na mara nyingine ni njia ya kukwepa kutaja tendo. Taja tendo, mtu na saa. Na "kesho" iwe kitu kinachowezekana kabla ya mchana.

Ukiishi chumba kimoja na watoto, hesabu ifanye alfajiri, au kwenye mwendokasi bila kuvaa spika za masikioni. Wengine huingia kanisa la Mtakatifu Yosefu mchana, lile lililokamilika mwaka 1902 likitazama bandari, au hukaa msikitini kati ya Adhuhuri na Alasiri. Anayeweza kupata siku nzima aende Pugu, kwenye kituo cha hija, ambako kuna miti na ukimya. Siku moja ya namna hiyo kwa msimu ni nyingi.

Mwisho wa juma soma kurasa zote kwa pamoja. Utakuta mtu mmoja, saa moja au sehemu moja inajirudia. Chora mstari hapo.

7. Jihadhari na wauzaji

Mtu mwenye swali linalouma ni rahisi kuuziwa. Februari 1, 2020, watu 20 walikufa kwa kukanyagana mjini Moshi, wakikimbilia kupita juu ya mafuta ya upako. Walikuwa watu wenye shida halisi, na sitawacheka kamwe. Nawaomba tu walio hai wapime kabla ya kwenda.

Anayekufundisha awe na mwalimu wake, au watu wanaoweza kumkosoa. Akubali kuulizwa. Asikuambie uache dawa za hospitali, ziwe za presha, za sukari au ARV. Asidai pesa kabla hajakusikiliza. Na kwa swali letu hili, kuna mmoja wa kumkimbia bila kuaga: mpiga ramli chonganishi atakayekuambia kaka yako ndiye aliyekufunga nyota. Atakupa kile ambacho hasira yako inakitaka zaidi, yaani uthibitisho, na baada ya hapo hakuna kikao cha ukoo kitakachowakalisha pamoja. Wahamasishaji wa kumbi za hoteli si hatari kiasi hicho, ila angalia kama ukitoka unajua la kufanya Jumatatu asubuhi, au una joto la mwili tu.

8. Pata mtu mmoja wa kukuuliza

Mmoja anatosha. Mtu asiye wa ukoo, asiye na faida kwenye ugomvi wako, anayeweza kunyamaza. Kutaneni mara moja kwa juma kwenye kijiwe cha kahawa, kabla mabishano ya Simba na Yanga hayajapamba moto. Akuulize jambo moja tu: ulichoandika kwa "kesho", ulikifanya? Nawe umuulize lake.

9. Peleka mlangoni

Hekima isiyomfikia yule aliyesababisha swali itabaki kwenye daftari. Ukiona kurasa zako zimeanza kuwa na mistari ya upande wa pili, ile ya kulelewa pamoja, panga kwenda. Usiende siku ya msiba wala ya harusi. Usiende na wakili wala na mke wako. Kama kuna shangazi mnayemheshimu wote wawili, mwombe awepo.

Usianze na nyumba. Msalimie kwa jina la utotoni kama mlikuwa nalo. Kisha sema jambo moja ulilolitenda wewe, hata dogo, halafu ulilotendewa, kwa sentensi fupi, bila "siku zote" na bila "kila mara". Taja unachotaka: kuona hesabu ya mauzo, au kulipwa kiasi fulani, au kusikia tu kwamba anajua alichofanya. Ukimaliza, nyamaza mpaka ajibu, hata ikichukua muda.

Akikubali, andikeni mlichokubaliana, shangazi ashuhudie. Akikataa, aga vizuri na uondoke. Shauri la mirathi liendelee mahakamani kwa ratiba yake. Salamu usiikate: Idi au Krismasi ikifika, wapelekee watoto wake sahani ya pilau, wao hawakuuza nyumba. Na usiku huo huo, hata kama umechoka, fungua daftari na uandike alichosema kama alivyokisema, bila kumuongezea neno.